Bosi akikalia levi yako, huo ni wizi

Wasee wa Mowlem, tupige hesabu. Unalipwa 20,000. Bosi anakukata 300, ile asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu. Sheria ya 2024 inamtaka aongeze 300 zake, zote zifike KRA ndani ya siku 9 za kazi baada ya mwezi kuisha.

Akizikalia? Anaongezewa asilimia 3 kwa mwezi. Yaani bob 18! Hata mat ya tao haikubebi na hiyo.

Lakini wewe ukimwibia bosi, ni jela hadi miaka 7. Na Sheria ya Ajira ya 2007 inasema anayekata pesa bila kuiwasilisha anaweza kufungwa hadi miaka 2. Basi afungwe! Bob 18 si adhabu, ni mkopo wa bei rahisi kwa jasho lako.