Kusajili si kujenga timu

KILA dirisha la usajili linapofunguliwa, mazungumzo ya wapenzi wa kandanda katika vijiwe vya Mwanjelwa na Soweto mjini Mbeya, na katika vibanda vya Miyomboni mjini Iringa, huwa ni ya aina moja. Watu huulizana: Tumemsajili nani? Likitajwa jina kubwa, nyuso huchangamka. Yakitajwa majina ya vijana wa Rungwe, Mufindi au Chunya, nyuso hukunjwa, na uongozi wa timu huambiwa kwamba hauna uchungu na mkoa.

Swali hilo si baya, ila limetangulizwa mbele ya swali lililo kubwa zaidi, nalo ni hili: Nani amebaki? Hatuna budi kusema wazi kwamba timu za Nyanda za Juu Kusini hazijapata kuanguka kwa sababu ya kukosa wachezaji wapya. Zimeanguka kwa sababu kila msimu zimekuwa ngeni kwa nafsi zao.

Tuitazame historia yetu wenyewe. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa Wilaya ya Rungwe, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mara tu baada ya kupanda daraja. Vigogo wa Dar es Salaam walishangaa, na wananchi wa Mbeya walishangilia. Lakini furaha hiyo haikudumu. Haukupita muda mrefu timu ile ikashuka, na leo mtoto wa shule mjini Tukuyu huisikia kama hadithi ya mababu. Uwezo wa kuitengeneza timu bora ulikuwapo. Uliokosekana ni uwezo wa kuitunza.

Miaka ishirini na saba baadaye tulipata bahati nyingine. Mbeya City, timu iliyoanzishwa na Halmashauri ya Jiji la Mbeya mwaka 2011, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2013 chini ya Mwalimu Juma Mwambusi. Katika msimu wake wa kwanza, wa 2013/2014, ilishika nafasi ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, ikaiacha Simba katika nafasi ya nne. Uwanja wa Sokoine ulijaa, na wapenzi waliifuata timu hata mikoa ya mbali. Je, ni nini kilichofuata? Mwaka 2015 Deus Kaseke alikwenda Yanga. Peter Mwalyanzi akaenda Simba. Kabla mwaka huo haujaisha, Mwalimu Mwambusi naye alikwishachukuliwa na Yanga. Mwaka 2020 timu ilinusurika kwa michezo ya mtoano. Mwaka 2023 haikunusurika tena. Ilifungwa na Mashujaa ya Kigoma katika mtoano, ikashuka baada ya misimu kumi. Ilichukua miaka miwili ya jasho katika daraja la chini kabla ya kurejea mwaka 2025.

Ndugu zetu wa Iringa wanalo jeraha linalofanana na hilo. Lipuli, Wanapaluhengo, walirejea Ligi Kuu mwaka 2017. Mwezi Mei 2019, katika Uwanja wa Samora, waliifunga Yanga mabao mawili kwa bila katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, wakaenda Lindi kucheza fainali na Azam, wakafungwa bao moja tu. Baada ya hapo Mwalimu Selemani Matola aliondoka, na msimu uliofuata wa 2019/2020 ukamalizika kwa Lipuli kushuka daraja. Kutoka fainali hadi kushuka ulipita mwaka mmoja na ushei.

Yapo na mafunzo ya karibu zaidi. Ken Gold ya Chunya ilipanda mwaka 2024 ikiwa bingwa wa daraja la chini. Ilipoanza vibaya, iliingia katika dirisha dogo na kusajili wachezaji wapya wengi kwa mkupuo, akiwamo Bernard Morrison ambaye alikwishazichezea Simba na Yanga. Majina yalikuwa makubwa, lakini watu kumi na mmoja waliokutana juzi hawawezi kuelewana kama watu walioishi pamoja. Mwaka 2025 timu hiyo ilishuka. Hatulisemi hili kwa kuwacheka. Tunalisema kwa sababu dawa waliyoitumia ndiyo ile ile ambayo wengi wetu tungeishauri.

Kwa upande mwingine, itazameni Tanzania Prisons. Hakuna anayeiita timu ya majina. Hata hivyo ilipata ubingwa wa Ligi ya Muungano mwaka 1999, na tangu iliporejea Ligi Kuu msimu wa 2012/2013 ilicheza misimu kumi na mitatu mfululizo bila kushuka, ingawa mara nyingine ilikuwa kwa taabu. Kwa muda mrefu nguvu yake ilitokana na jambo moja rahisi: wengi wa wachezaji wake walikuwa askari wenye ajira, kwa hiyo walikaa. Mlinzi alimjua golikipa wake, na kiungo alijua mshambuliaji wake anakimbilia wapi kabla hajainua kichwa.

Yapo maneno yanayosemwa kupinga hoja hii, nasi hatuyadharau. Inasemwa kwamba timu za mikoani ni maskini, na kwamba Simba, Yanga au Azam zikimtaka kijana, hakuna wa kumzuia, wala si haki kumzuia kijana asitafute maisha yake. Hayo ni kweli. Kijana wa Uyole aliyepata nafasi ya kulipwa mara tano ya mshahara wake aende, tena aende na baraka zetu. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kuuza mavuno na kula mbegu. Mkulima wa Ismani huuza mahindi yake kila mwaka na bado hulima tena, kwa sababu ametenga mbegu na amepata fedha ya mbolea. Sisi wachezaji wetu huondoka mikataba ikiwa imekwisha, klabu isipate hata senti, na nafasi zao tukazijaza kwa wale ambao timu kubwa zimewaacha.

Tunadhani basi kwamba ujenzi wa vikosi vyetu ufuate mambo manne.

Kwanza, kila timu iwe na uti wa mgongo usioguswa. Golikipa, mlinzi wa kati, kiungo na mshambuliaji mmoja wapewe mikataba ya miaka mitatu au zaidi, na mikataba hiyo iongezwe ikiwa bado mwaka mmoja, si ikiwa bado mwezi mmoja. Anayetaka kumchukua mmoja wao alipe, na fedha hiyo irudi katika kununua na kulea, isipotelee katika posho za safari. Wajumbe wa kamati zetu wajue pia kwamba kwa kanuni za FIFA, mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya malipo hugawiwa klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Klabu isiyo na kumbukumbu za usajili wa watoto wake hukosa haki hiyo kwa uzembe wa kutoandika.

Pili, usajili ufuate upungufu, usifuate jina. Mwalimu aandike ni nafasi zipi zina pengo, na kamati itafute watu wa nafasi hizo tu. Kanuni za ligi yetu zimeruhusu klabu kusajili hadi wachezaji 12 wa kigeni. Ruhusa hiyo si faradhi. Klabu inayoshindwa kulipa mishahara ya miezi miwili haina sababu ya kusajili wageni kwa ajili ya kupigwa picha.

Tatu, mbegu ipatikane hapa hapa. Mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA huwakutanisha watoto wetu kila mwaka. Ni viongozi wangapi wa klabu zetu wanaokwenda kuyatazama wakiwa na daftari mkononi? Timu ya vijana chini ya miaka 20 isiwe ya kutimiza kanuni tu. Iwe ndiyo darasa, na kila msimu vijana wawili au watatu wapande kutoka humo. Sisi tuliopita chuoni kabla ya kwenda shule tunakumbuka kwamba mtoto haanzi na Yasini. Huanza na alifu, akapigwa fimbo mbili tatu, akaendelea. Huko Hispania klabu ya Athletic ya mji wa Bilbao imejiwekea utaratibu wa kuchezesha wachezaji wa asili ya Kibaski au waliolelewa katika eneo hilo tu, na ni moja ya klabu tatu ambazo hazijapata kushuka tangu ligi ya nchi hiyo ianze mwaka 1929. Hatusemi tuwafungie mlango Watanzania wa mikoa mingine, maana huo ungekuwa ukabila. Tunasema kwamba kulea si ndoto.

Nne, timu iwe na mizizi. Wananchi wa Mbarali hawajasahau tarehe 29 Novemba 2022, siku ambayo Ihefu iliifunga Yanga mabao mawili kwa moja na kukatisha mwendo wake wa michezo 49 bila kufungwa katika ligi. Lakini mwaka 2024 timu hiyo ilihamia Singida na kubadilishwa jina. Timu isiyokuwa na watoto wa mahali ndani yake wala wanachama wenye sauti ni mzigo juu ya lori; dereva akiamua kuondoka, huondoka nao.

Imani ya chama chetu ni kwamba anayekosoa aanze na nafsi yake, na mwandishi wa tahariri hii hana ruhusa ya kujificha nyuma ya kalamu. Miaka kadhaa iliyopita alikuwa mjumbe wa kamati ya timu moja ya wilaya. Golikipa wa timu ile alikuwa kijana wa hapo hapo, fundi wa baiskeli, aliyedaka msimu mzima kwa posho ya nauli. Timu ilipopanda, kamati iliambiwa kwamba yupo golikipa mwenye jina, aliyeachwa na klabu ya mjini. Mwalimu alipinga. Ikapigwa kura, na mkono wa mwandishi huyu ulikuwa miongoni mwa mikono iliyoinuliwa. Mwenye jina alicheza michezo sita, akaondoka kwa kudai fedha zake. Tulipomfuata yule kijana, alitusikiliza kwa adabu, akatukaribisha chai, akasema, "Wazee wangu, nashukuru, lakini sasa nina kazi." Timu ilishuka msimu huo huo. Hatukushindwa na wapinzani. Tulishindwa siku ile ya kura.

Ndiyo maana tunawageukia viongozi wenzetu. Halmashauri zinazomiliki au kusaidia timu ziheshimu kazi ya mwalimu. Diwani asichague mshambuliaji, kama mwalimu asivyochagua barabara ya kuchongwa. Chama nacho kina wajibu wake. Viwanja vya Sokoine na Samora ni mali ya Chama Cha Mapinduzi. Haifai sisi makada tulalamike juu ya nyasi na mageti kana kwamba viwanja hivyo ni vya mtu mwingine. Viwanja hivyo viwekwe katika hali njema, na yapangwe masaa ya watoto kufanyia mazoezi, hata kama masaa hayo hayaleti kiingilio.

Wapenzi wa kandanda nao wana sehemu yao. Kijana wa miaka kumi na tisa atakosea. Atapoteza mpira mbele ya lango, na mchezo utapotea. Tukimzomea kwa dakika tisini, mwaka ujao kamati itatuletea jina tulilolipigia kelele, na mwaka unaofuata tutashuka tena tukiwa na jina hilo. Kuvumilia msimu mmoja mgumu kwa ajili ya misimu mitano mizuri si unyonge.

Nyanda za Juu Kusini zimekwishathibitisha mara nyingi kwamba zinaweza kupanda. Wala hatuhitaji tena kuwathibitishia watu kwamba tunaweza kumfunga kigogo siku moja. Jambo lililobaki ni kukaa. Basi dirisha lijalo litakapofunguliwa, kabla ya kuuliza nani anakuja, kila mwanachama wa klabu asimame mkutanoni na aulize: Mikataba ya vijana wetu inakwisha lini? Na asikae chini mpaka ajibiwe.