Mkimbiaji au Mkimbizi? Alama za Mbio na Mwanafunzi wa Eldas

Miongoni mwa wapenzi wa simu za mkononi kuna dai ambalo limeingia hata katika mijadala ya walimu wa lugha: kwamba alama za picha ni lugha ya walimwengu wote, isiyohitaji tafsiri wala kamusi. Mtu akitaka kusema amekimbia, huweka alama ya mkimbiaji, na Mjapani, Mswahili na Msomali wakaelewa sawia. Dai hili linavutia. Hata hivyo, likipelekwa Eldas, katika Kaunti ya Wajir, laanza kuchechemea.

Yafaa kwanza kueleza asili ya alama hizi. Mwaka 1982, Scott Fahlman, mtaalamu wa kompyuta nchini Marekani, alipendekeza uso wa tabasamu uliotungwa kwa nukta pacha, kistari na mabano, ambao msomaji huuona kwa kuinamisha kichwa. Katika muongo huohuo Wajapani walibuni nyuso zinazotazamwa wima, kama (^_^). Huitwa kaomoji, kao ni uso, moji ni herufi. Baadaye uso ukaota mikono, kisha ukatimka. Hebu msomaji aitazame hii: ε=ε=┌( >_<)┘. Mabano ni kichwa, macho yamefumbwa kwa juhudi, mikono imekunjwa, na nyuma yake herufi za Kigiriki na alama za usawa zimegeuka vumbi na upepo.

Ubunifu huo ni wa kusifiwa, ila fikra yake si ngeni katika Kiswahili. Kitenzi timua hubeba vumbi lilelile: kundi la mifugo hutimua vumbi, mtu hutimua mbio. Anayekatiza uwanda kwa kasi huchanja mbuga. Aliyekurupushwa na hatari hutoka mguu niponye. Farasi huenda shoti, na aliyeumia mguu huenda chopi. Mjapani aliichora picha hiyo kwa herufi. Mswahili aliitia ndani ya neno, na mara nyingi neno likaja na sababu ya mwendo. Mguu niponye huitangaza hofu. Alama huonyesha uso uliokunjamana, lakini ukiiuliza mtu huyu anakimbia nini, haijibu.

Lipo pia suala la upande. Mtoto wa Eldas aghalabu huzungumza Kisomali nyumbani, lugha ambayo nchini Somalia ilipewa rasmi hati ya Kilatini mwaka 1972. Duksini hujifunza Kurani kwa herufi za Kiarabu, zitokazo kulia kwenda kushoto. Shuleni hukutana na Kiswahili na Kiingereza, viandikwavyo kutoka kushoto kwenda kulia. Alama iliyotajwa hapo juu, ikifuata sentensi ya Kiswahili, hukimbia kule sentensi inakoelekea. Ikifuata sentensi ya Kiarabu, huyarudia maneno yaliyokwisha kusemwa, kana kwamba aliyekimbia amejuta akageuka. Kiswahili chenyewe kimepita njia zote mbili, kwani tendi za kale za Pate na Lamu ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu.

Suala hili limewashughulisha hata wenye mitambo. Picha ya mtu anayekimbia iliingizwa katika viwango vya Unicode mwaka 2010, na katika simu nyingi mtu huyo alielekea kushoto. Ni mwaka 2023 tu ambapo mwenzake anayeelekea kulia aliidhinishwa. Basi ilipita miaka 13 kabla ya hiyo inayoitwa lugha ya walimwengu kutenganisha kwenda na kurudi.

Lakini kiini cha hoja hii kiko kwingine. Kutokana na mzizi wa kimbia, Kiswahili kimezaa mkimbiaji na mkimbizi. Wa kwanza hukimbia kwa hiari, na akishinda hupigiwa makofi. Wa pili hukimbia kwa sababu kubaki ni kufa. Kenya inawajua wote wawili. Wakimbiaji wake wameiletea medali za Olimpiki, na katika Kaunti ya Garissa kambi za Dadaab zimewapokea wakimbizi tangu mwaka 1991, wengi wao wakitoka Somalia. Ni alama ipi ya mbio itakayotofautisha watu hawa wawili? Hakuna. Miguu ni ileile, vumbi ni lilelile. Kiswahili huwatenga kwa mwisho wa neno. Kwa wakaazi wa Kaskazini Mashariki, ambako watu huhama na mifugo kufuata maji na malisho, na ambako wengi wana jamaa ng'ambo ya mpaka, kutofautisha anayehama, anayekimbia na aliyekimbizwa ni jambo la maisha, wala si pambo la lugha.

Huenda ikadaiwa kuwa ujumbe wa simu ni wa haraka, na kwamba hakuna ubaya rafiki kumtumia rafiki mkimbiaji mmoja badala ya sentensi nzima. Ni kweli. Kupiga marufuku alama hizi ni kuchota maji kwa pakacha. Hatari huja pale alama inapozoeleka kabla neno halijajulikana, hasa kwa mwanafunzi ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya tatu au ya nne.

Kwa hiyo mwalimu wa Eldas, na wa kwingineko, na aiandike alama hiyo ubaoni badala ya kuikemea. Awaulize wanafunzi: nani huyu, anatoka wapi, anakwenda wapi, na kwa nini? Kila jibu litadai kitenzi chake: ametoroka, amehama, amefukuzwa, anawahi, anarejea. Darasa likifika hapo, litakuwa limejifunza msamiati, unyambuaji na insha kwa pamoja, na mtoto wa mkimbizi atakuwa amepata neno la kujieleza, neno ambalo vumbi la Mjapani, kwa uzuri wake wote, haliwezi kumpa.