Sauti za Ndani ya Nyumba za Bukavu

Sanaa ya sauti inayochunguza majengo hukigeuza chumba chenyewe kuwa ala ya muziki. Ukuta mgumu huurudisha mlio. Kitambaa na miili ya watu huumeza. Mwanafizikia Wallace Sabine alianza kulipima jambo hilo mwaka 1895, katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Harvard ambamo neno moja liliendelea kuvuma kwa zaidi ya sekunde 5. Usiku, mji ukiwa kimya, aliingiza humo mito ya viti iliyoazimwa kutoka ukumbi mwingine, akipima muda wa mlio wa kinanda kufifia.

Miongoni mwa wasanii wa mwanzo wa sanaa hii yumo Mwafrika. Mwaka 1944 Halim El-Dabh alirekodi mjini Cairo sherehe ya wanawake ya kupunga pepo, iitwayo zaar, kwenye waya wa sumaku, kisha akaipitisha katika chumba cha mwangwi cha kituo cha redio. Mwaka 1969 Mmarekani Alvin Lucier alirekodi maneno yake, akayapiga chumbani na kuyarekodi tena na tena, hadi maneno yakapotea, ikabaki milio ya chumba kile.

Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo, inastahili kazi ya namna hii. Katika kanisa kuu la Notre-Dame de la Paix, kama katika kila kanisa pana na refu, korali ikiimba haraka, maneno hugongana hewani. Katika mtaa wa Kadutu, mjini humo, mambo ni mengine kabisa: ukuta wa mbao hupitisha mazungumzo ya jirani, na mvua ikianza, mabati hutetemeka kama ngozi ya ngoma mpaka mwalimu anyamaze darasani. Sauti hiyo ni sehemu ya ujenzi sawa na misumari. Lakini moto huteketeza nyumba za mbao mara kwa mara, na penye mbao huinuka tofali. Picha hubaki kwenye simu. Sauti ya ndani haimwachii mtu kitu.

Dawa ipo, na bei yake si kubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipasua maputo ndani ya jengo la kale la Hagia Sophia, Istanbul, wakarekodi mvumo wake. Kwa kompyuta wakauvisha uimbaji wa kwaya ya Cappella Romana, iliyotoa albamu mwaka 2019 bila kuimba ndani ya jengo lile. Kwa chumba cha Kadutu panahitajika puto, kinasa sauti kizuri, na daftari la kuandika tarehe, vipimo vya kuta, aina ya paa, idadi ya watu waliokuwemo, na kama madirisha yalikuwa wazi.