Nafasi Tupu Si Sifuri

Wazazi wetu, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi: wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema kweli. Walakini hawakutuambia la kufanya mtu anapokuwa na madaftari mawili, na kila moja lina habari yake. Jambo hilo ndilo nitakalo kulisema hapa, nami nitaanza kwa kukiri kosa langu, maana si vizuri mwalimu kusahihisha makosa ya wengine kila siku na yake akayafunika.

Muhula uliopita nilikabidhiwa kazi ya kutengeneza taarifa ya michango ya chakula cha mchana. Orodha ya wanafunzi wote imo katika kanzidata ya shule. Malipo yalikuwa yameandikwa na walimu wa madarasa katika lahajedwali, yaani lile faili ambalo wengi wetu twaliita Excel tu. Nikachukua programu ya kutengenezea taarifa, nikaviunganisha viwili hivi kwa jina la mwanafunzi, na kwa muda wa dakika chache nikapata karatasi safi yenye mistari na rangi. Nikajiona fundi.

Siku ya mkutano wa wazazi karatasi ile ikasomwa mbele ya watu. Likatajwa jina la binti mmoja kwamba hajalipa hata senti. Baba yake alikuwa amepanda basi alfajiri kutoka Makambako, katika baridi yetu mnayoijua. Akasimama polepole, akatia mkono mfukoni, akatoa stakabadhi. Hakumtukana mtu. Alisema tu, "Mwalimu, mimi nimelipa." Binti yake, aliyekuwa akipanga viti nyuma ya ukumbi, akainamisha kichwa. Nami sikuwa na la kusema.

Kosa lilikuwa wapi? Katika kanzidata binti huyo ana majina matatu. Katika lahajedwali yaliandikwa mawili. Mashine haikujua kuwa ni mtu mmoja. Basi ikaacha nafasi tupu mahali pa malipo, nami nilikuwa nimeiagiza iandike sifuri kila penye nafasi tupu, ili karatasi ipendeze. Hapo ndipo "sijui" ilipogeuka kuwa "hakulipa". Mashine haikusema uongo. Mimi ndiye niliyeusema.

Nitoe mfano wa kwetu. Makambako ni njia panda. Barabara itokayo Songea kupitia Njombe hukutana hapo na barabara kuu iendayo Dar es Salaam na Tunduma, na reli ya TAZARA nayo hupita hapo. Gunia la viazi kutoka Njombe likishushwa Makambako ili lihamishiwe gari jingine, hutambuliwa kwa alama iliyoandikwa juu yake. Alama ikifutika, gunia hubaki kituoni. Alama ikiwa moja kwa magunia mawili, mtu atapokea mali isiyo yake.

Kuunganisha habari ni vivyo hivyo. E. F. Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM, alieleza mwaka 1970 jinsi ya kupanga habari katika majedwali, kila mstari ukiwa na ufunguo wake usiofanana na wa mwingine. Jina la mtu si ufunguo. Majina hufanana, hufupishwa, tena huandikwa kwa namna nyingi. Tazameni Wanging'ombe, wilaya jirani yetu: mmoja huiandika kwa alama yake ya ritifaa, mwingine huiacha. Sisi twasoma wilaya moja. Mashine yasoma mbili.

Kwa hiyo tutumie namba. Lakini namba nayo ina mtego wake. Namba ya mtahiniwa wa Kidato cha Nne ina herufi S, tarakimu nne za kituo, mkwaju, kisha tarakimu nne za mtahiniwa. Mwalimu akiandika tarakimu za mwisho tu, 0045, lahajedwali huzifanya 45, kwa kuwa ladhani anataka kuhesabu. Upande wa kanzidata bado ni 0045, na viwili hivyo havitakutana. Dawa yake ni kuiagiza safu hiyo mapema iwe ya maandishi, kabla ya kuandika chochote.

Msidhani haya ni mambo ya shule ndogo tu. Mwaka 2020, wakati wa Uviko-19, huko Uingereza watu 15,841 walioonekana na ugonjwa waliachwa nje ya hesabu za kila siku kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba. Habari zao zilipitishwa katika faili la Excel la mtindo wa zamani, ambalo haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ilikatwa. Wagonjwa wenyewe walipata majibu yao, lakini kuwatafuta waliokutana nao kulichelewa. Nasi tujitazame. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba asilimia 12.7 ya watu wazima wa mkoa wa Njombe wana VVU, kiwango kikubwa kuliko mikoa yote. Baadhi yenu wanafunzi mtafanya kazi katika zahanati na hospitali zetu. Mstari mmoja ukipotea huko, aliyepotea si mstari, ni mgonjwa asiyefuatwa.

Wapo wasemao, "Tuziache lahajedwali, kila kitu kiandikwe katika kanzidata." Maoni hayo nayaheshimu, lakini siyakubali. Umeme hukatika, mtandao hupotea, na mwalimu wa darasa hawezi kumrudisha mzazi aliyekuja na fedha mkononi. Lahajedwali ni daftari la karibu, kanzidata ni daftari la wote. Twavihitaji vyote viwili, mradi viunganishwe kwa uangalifu.

Basi nashauri mambo manne. Kwanza, kila mwanafunzi ajulikane kwa namba moja katika kila daftari. Pili, taarifa ianze na orodha kamili ya wanafunzi, na asiyepatikana upande wa pili abaki akionekana kwa nafasi tupu. Tusiruhusu mashine imfute wala impe sifuri. Tatu, tuhesabu kabla na baada ya kuunganisha. Wanafunzi wakiwa 600, taarifa nayo iwe na mistari 600. Ikipungua, mtu amepotea. Ikizidi, namba fulani imeandikwa zaidi ya mara moja, na huenda fedha zake zimehesabiwa mara mbili. Jumla ya fedha nayo ilingane na stakabadhi. Nne, na hili ndilo kubwa, orodha ya wasiolipa isisomwe hadharani kamwe. Kila mzazi aonyeshwe habari ya mtoto wake peke yake, apate nafasi ya kusema, "Hapa mmekosea."

Nilisafiri hadi Makambako kumwomba radhi mzee yule. Alinikaribisha chai, akasema, "Yameisha, mwalimu." Lakini binti yake bado hukaa kiti cha nyuma kabisa siku za mikutano, nami najua sababu. Taarifa niliisahihisha kwa nusu saa. Aibu ya mtoto haisahihishwi kwa kubonyeza kitufe. Kwa hiyo wanafunzi wangu, mnapojifunza kompyuta, jifunzeni pia kusema "sijui" pale msipojua, na mfundisheni mashine nayo iseme hivyo.