Kripto Yako Iko kwa Nani?

Wasee, leo sina mzaha. Kila wiki naona kijana kwa magrupu yetu akiposti picha ya salio lake kwenye apu ya kripto, chini ameandika, "Mimi ndio benki yangu." Wacha niseme ukweli, mnitusi baadaye: wewe si benki yako. Una akaunti kwa kampuni ambayo hata hujui ofisi yake iko wapi, na hiyo nambari unaona kwa skrini ni ahadi tu. Nasema hivi kwa sababu ahadi kama hiyo ilinikula karo.

Mnakumbuka 2023, watu wakipanga foleni pale KICC kuskaniwa macho na Worldcoin, kila mtu akitafuta zile tokeni za karibu shilingi 7,000? Serikali ilisimamisha hiyo shughuli Agosti mwaka huo, lakini wengi wetu tulikuwa tumeshaonja. Mimi nilitoka hapo nikafungua akaunti kwa soko moja la kripto la mtandaoni. Sitalitaja. Mwaka uliofuata mamangu hapa Nuu akauza ndengu na mbuzi wawili, akanitumia 38,000 ya semista. Nikajiambia ikae huko wiki mbili tu, izae kidogo.

Na ilizaa. Ndio mjue uchungu wa hii stori: bei haikuanguka. Nilipojaribu kutoa pesa, nikaambiwa akaunti yangu "inakaguliwa." Wiki ikaisha. Mwezi ukaisha. Nikiandika barua pepe najibiwa na roboti, maneno ni yale yale. Halafu siku moja apu ikakataa kufunguka kabisa. Semista ikanipita na sikurudi chuo. Mwaitu anajua tu kwamba "pesa ilikwama." Nikishaposti hii atajua zote, na ni sawa, nimechoka kuificha.

Kwa hivyo mtu akiniambia kripto ni hatari kwa sababu bei inapanda na kushuka, namwambia hiyo ni hatari moja. Kuna ingine ambayo watu hawaongelei: umeiweka wapi, na nani ameshika ufunguo?

Wacha nieleze kwa lugha ya huku kwetu. Ukivuna ndengu ukaziweka kwa ghala yako, shida zako ni wadudu na mwizi. Ukizipeleka kwa stoo ya broka akuandikie karatasi, huna ndengu tena. Una karatasi. Broka akiziuza usiku, au stoo ikivunjwa, au akihama, wewe unabaki ukishika karatasi. Kripto ni hivyo hivyo. Bitcoin haikai ndani ya simu yako, iko kwa daftari la wazi ambalo kompyuta za dunia nzima zinaliweka. Kitu inaihamisha ni ufunguo wa siri. Ukinunua kwa soko la mtandaoni na uache sarafu huko, ufunguo ni wao. Wewe una pasiwadi ya kuingia kuangalia karatasi.

Najua kuna wale wataniambia, "Wewe uliangukia wakora, mimi niko na kampuni kubwa." Sawa, tuongee kuhusu kubwa. Mt. Gox ya Tokyo wakati mmoja ndio ilikuwa soko kubwa zaidi la Bitcoin duniani. Februari 2014 ilifunga, ikasema bitcoin karibu 850,000 zimepotea. Baadaye kama 200,000 zilipatikana, lakini wateja walianza kurudishiwa Bitcoin zao Julai 2024. Miaka kumi! Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza Mt. Gox ikianguka alikuwa sekondari wateja wakianza kulipwa.

FTX nayo? Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa uwanja wa mpira wa kikapu kule Miami. Novemba 2022 watu walikimbilia kutoa pesa zao na hazikuwa. Bosi wake, Sam Bankman-Fried, alikuwa amezitumia, na Machi 2024 akafungwa miaka 25. Halafu Februari 2025 wadukuzi waliibia Bybit kripto ya karibu dola bilioni 1.5 kwa siku moja, na FBI wakasema ni kazi ya Korea Kaskazini. Bybit ilikopa ikaziba pengo, wateja wakapona. Lakini ona: walipona kwa sababu kampuni iliweza kukopa. Yako itaweza?

"Lakini sasa kuna sheria." Ndio, Oktoba 2025 Rais alitia sahihi sheria ya watoa huduma wa mali za kidijitali, na sasa kampuni zinahitaji leseni kutoka Benki Kuu au mamlaka ya masoko ya mitaji. Ni jambo nzuri. Lakini leseni si bima. Benki ikianguka Kenya, KDIC inakulipa hadi shilingi 500,000 ya amana yako. Soko la kripto likianguka, hiyo bima haikuhusu. Na msiseme hatukuambiwa: Benki Kuu ilitoa onyo Desemba 2015 kwamba jukwaa linaloshika hizi sarafu likifunga, mteja hana ulinzi. Wakati huo nilikuwa primary. Wakati wa kufungua akaunti nilikuwa mtu mzima mwenye simu na intaneti, na sikusoma.

Sasa, siwadanganyi kwamba kujishikia ufunguo ni rahisi. Ukiweka pochi yako mwenyewe, unapewa maneno 12 au 24. Hayo maneno ndio pesa. Mwenye nayo ndiye mwenyewe. Ukiyapoteza hakuna kituo cha kupiga simu. James Howells wa Wales alitupa diski yenye ufunguo wa bitcoin karibu 8,000 mwaka 2013, na Januari 2025 mahakama ikamkatalia kesi ya kwenda kuchimbua jaa la takataka. Na pochi ya simu bado iko kwa intaneti. Apu feki zipo, linki za wizi zipo, na watu bado wanapiga picha ya yale maneno wanaiacha kwa simu. Hiyo ni kama kuandika PIN ya M-Pesa kwa ukuta wa stendi.

Kwa hivyo yaandike kwa karatasi. Nakala mbili, mahali pawili. Usipige picha, usimtumie mtu, hata akisema yeye ni "msaada kwa wateja." Kama ni pesa ya maana, tafuta kile kifaa kidogo kinachoshika ufunguo nje ya intaneti, na ukinunue kipya. Soko la mtandaoni ni stendi ya matatu: unapita, huhamii.

Na nyinyi mnaoposti linki za kualika watu ndio mpate kamisheni, leo nawaongelea. Mnaonyesha vijana jinsi ya kuweka pesa. Ni lini mliwaonyesha jinsi ya kuitoa? Mnajua kijana wa form four akiweka 2,000 nyinyi mnapata chenu papo hapo, hata kama yeye hataiona tena. Hiyo si elimu ya fedha. Mnavuna watu wa kwenu.

Mimi sisemi msinunue kripto. Nasema kama hujui kushika ufunguo, hujanunua bado. Na pesa ya karo, ya hospitali, ya chama, isiguse huko kabisa.

Leo usiku fanya kitu moja. Fungua hiyo apu, toa kiasi kidogo mpaka kiingie mahali unashika mwenyewe. Ikitoka vizuri, toa na ingine. Ikikuambia "inakaguliwa," utakuwa umejua ukiwa bado na muda wa kupiga kelele. Mimi nilijua siku ya mwisho ya kulipa karo.