Ushuru Ukifutwa, Nani Atalipa? Nasaha kwa Watu wa Meru na Embu

Kila yanapokaribia majira ya uchaguzi, husimama mtu jukwaani, ikiwa ni Maua au Siakago, Nkubu au Kiritiri, akaahidi kwamba akichaguliwa atafuta ushuru wa soko na kupunguza ada za leseni, na juu ya hayo atajenga barabara, zahanati na visima. Na watu humshangilia bila ya kumwuliza fedha za kazi hizo zitatoka katika hazina gani. Nataka kuwanasihi jamaa zangu wa miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya kwamba ushuru unaofutwa bila ya kuwekewa badala ni huduma inayofutwa, na kwamba serikali isiyo na pato lake yenyewe haina amri juu ya mambo yake yenyewe.

Siwalaumu wanaochukia kodi, kwani chuki hiyo ina asili yake. Kodi ya kibanda, ambayo Waingereza waliitungia kanuni mwaka 1901, iliwafikia watu wa Embu baada ya kushindwa kwa silaha mwaka 1906, na watu wa Meru baada ya boma la serikali kusimamishwa kwao mwaka 1908. Nayo ilidaiwa kwa sarafu ambayo mkulima hakuwa nayo, ili asiwe na budi kuliacha shamba lake na kwenda kuitafuta kwa kibarua katika mashamba ya walowezi. Hiyo ilikuwa dhuluma bayana, kwa sababu mlipaji hakushauriwa katika kuiweka wala hakuulizwa katika kuitumia. Lakini insafu yatutaka tutenganishe uovu wa mtozaji na haja ya hazina, maana mtozaji yule amekwisha kuondoka, na haja ingalipo.

Tulipopata uhuru, halmashauri zetu ndizo zilizosimamia shule za msingi, afya na barabara za mashambani, na nguzo kubwa ya pato lao ilikuwa kodi ya kichwa iliyopandishwa kwa kadiri ya kipato cha mtu. Mwaka 1970 majukumu hayo yakahamishiwa Serikali Kuu, na haukupita muda mrefu kodi ile nayo ikafutwa. Aliyetuliwa mzigo alikuwa na haki ya kufurahi. Ila halmashauri zilibaki na ada za soko, leseni na ushuru wa mazao, zikadhoofika mwaka hata mwaka, mpaka sheria ya mwaka 1998 ilipoamuru zigawiwe asilimia 5 ya kodi ya mapato. Wazee walikwisha kunena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Katiba ya 2010 ilituletea ugatuzi, na ibara yake ya 203 inazihakikishia kaunti fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa. Lakini tazameni yaliyotukia mwaka 2024. Mswada wa Fedha, uliokusudia kuongeza kodi, ulipoondolewa mwezi wa Juni, baada ya vijana kuupinga barabarani na baadhi yao kupoteza maisha, fungu la kaunti lililokwisha kupangwa kuwa shilingi bilioni 400.1 likashushwa, baada ya mvutano wa Bunge la Taifa na Seneti, likawa bilioni 387.4. Sisemi kwamba mswada ule ulikuwa wa haki. Nasema kwamba upungufu wa kodi Nairobi haukomei Nairobi, na asiye na akiba yake huupokea bila ya hiari.

Basi pato la ndani ndilo letu, nalo lataka kutengenezwa kwa uadilifu. Mama anayeteremsha mikungu ya ndizi alfajiri katika soko la Gakoromone hulipa ada ya siku kabla hajauza hata kichane kimoja, ilhali mwenye jumba la kupangisha aweza kulimbikiza deni la kodi ya ardhi mwaka baada ya mwaka, akingojea msamaha wa riba utangazwe. Mzigo ukimwelemea mnyonge na kumpita mwenye nguvu, usistaajabu watu wakiuchukia. Ibara ya 209 imezipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya ardhi na majengo; watawala wasiogope kuitumia kwa sababu wenye majengo ni marafiki zao.

Wala tusijenge hazina juu ya jani moja. Miraa ya Igembe ilifungiwa mlango na Uingereza mwaka 2014, na Somalia ikaizuia tangu 2020 hadi 2022. Muguka wa Mbeere, ulio jamii ya miraa, nao ulipigwa marufuku Mombasa na Kilifi mwezi wa Mei 2024, kwa hoja ya kuwalinda vijana, mpaka Mahakama Kuu ya Embu ilipoyasimamisha maagizo hayo. Kila mlango mmoja unapofungwa, mkulima hukosa ada ya shule ya mwanawe, na kaunti hukosa ushuru wa gunia lisilosafirishwa.

Enyi wenye madaraka, acheni kuyatia chumvi makadirio ya mapato ili bajeti ionekane imetimia, maana shilingi iliyoandikwa bila ya kukusanywa hugeuka deni, na mwenye kuumia ni mkandarasi mdogo aliyekwisha kuimaliza kazi. Enyi wafanyabiashara, hongo ndogo apewayo mtoza ushuru penye kizuizi cha barabara ili gari lipite bila ya stakabadhi ni wizi wa dawa za wagonjwa wenu wenyewe. Na ninyi raia, makadirio yanapaswa kufika katika Bunge la Kaunti si zaidi ya tarehe 30 Aprili kila mwaka. Hudhurieni vikao vya maoni, mwulize kila wadi imekusanya kiasi gani na imerudishiwa nini, na atakayependekeza kufuta ada yoyote mtakeni, papo hapo, ataje pato litakaloshika nafasi yake. Lipeni, mdai stakabadhi, kisha mdai hesabu. Kwa kuwa kiongozi huweza kumpuuza mwombaji, lakini ni vigumu kumpuuza mlipaji mwenye stakabadhi mkononi.