Dosie ya mama na daftari la timu



Mara nyingi ukurasa huu unazungumza juu ya masomo ya watoto. Juma hili tunaomba ruhusa tuzungumze juu ya masomo ya mama mwenyewe. Mfano tunaoutoa ni wetu, pamoja na kosa letu ndani yake.

Wengi wenu mnatujua. Tunafundisha darasa la tano katika shule moja ya Manika, na diploma yetu ni gradua ya ISP. Kila Jumatano na Jumamosi tuko na timu ya wasichana kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya shule. Kazi hiyo ya timu hatukuiomba. Mwalimu aliyekuwa nayo aliondoka kutafuta kazi kwenye mgodi, na direkta akatuambia: "Mama mwalimu, utatusaidia mwezi mmoja tu." Huu ni mwaka wa sita.

Ndipo tulipoanza kutamani masomo ya usimamizi wa michezo, yale ya jioni na ya mwisho wa juma, ambayo mtu anayafuata bila kuacha kazi yake. Wengine walicheka: "Mama wa watoto watatu anataka masta ya mpira!" Sisi hatukuudhika. Lakini tazameni mji wetu.

Wakati wa Union Minière, na baadaye Gécamines, kampuni ndiyo iliyojenga nyumba, shule, hospitali na viwanja. Mzazi hakuandika bajeti ya uwanja. Leo makampuni ni mengi na utaratibu umebadilika. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka kampuni inayochimba itoe 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka, na pia ifanye mapatano ya maandishi na jamii hiyo. Kikao kikiitishwa, anayesikilizwa zaidi ni yule aliyekuja na karatasi: watoto ni wangapi, ukuta utagharimu kiasi gani, nani atashika ufunguo, nani atatengeneza mabati yakivunjika. Kwa wasichana kuna maswali zaidi. Choo kiko wapi? Wanabadilisha nguo wapi? Mazoezi yanakwisha saa ngapi, na nani anawasindikiza nyumbani? Kujibu maswali hayo ndiko kusimamia michezo. Mtu asiyewahi kuwa na binti anaweza kuyasahau.

Tena, milango imekwisha kufunguliwa na wengine. Mwaka 2024 wasichana wa TP Mazembe, jirani zetu wa Lubumbashi, walichukua kombe la Afrika la vilabu vya wanawake kule Moroko. Waliishinda AS FAR 1-0, na kocha wao alikuwa mwanamke, Lamia Boumehdi. Huko Burundi, mama Lydia Nsekera aliongoza shirikisho la mpira la nchi yake kuanzia 2004 hadi 2013, na mwaka huo wa 2013 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika kamati kuu ya FIFA. Wasichana wetu wanajua majina ya wachezaji. Sisi tunataka wajue pia kwamba kuna wamama wanaokaa kwenye meza ambapo mambo ya mpira yanaamuliwa.

Sasa kosa letu. Mwaka uliopita tuliona katika telefoni tangazo la masomo hayo, zikibaki siku kumi. Hatukumwambia mtu. Tulijaza dosie usiku, watoto wakiwa wamelala. Kwa malipo ya kuandikishwa tulitoa dolari 60 katika bahasha ya minervali ya binti yetu mkubwa, aliye sekondari. Tulijiambia: likelemba itatufikia mwisho wa mwezi, tutazirudisha, hakuna atakayejua.

Likelemba ikachelewa, kwa sababu mama aliyekuwa mbele yetu alifiwa na chama kikampa yeye kwanza, kama inavyopasa. Siku moja tulirudi kutoka kazini tukamkuta binti amekaa mlangoni, begi bado mgongoni. Alikuwa amefukuzwa darasani kwa kukosa minervali, na yeye alijua kwamba pesa zilikuwa katika bahasha. Juma lile lile jibu la dosie likaja, mistari miwili tu: haikukamilika, na malipo hayarudishwi.

Baba watoto hakupiga kelele. Aliuliza neno moja: "Mama, ulifikiri nitakataa?" Hatukuwa na jibu.

Tunajua kuna nyumba ambako bwana angekataa kweli. Hatutaki kumdanganya mama yeyote. Huko, mpeleke shangazi au mzee anayeheshimiwa, au njooni na wamama wawili wa chama, mkae na kuzungumza kwa utulivu. Lakini msifiche. Siri ya masomo inalipwa na watoto.

Mwaka huu tulianza upya, hatua kwa hatua. Haya ndiyo tuliyojifunza.

La kwanza ni kiwango cha diploma. Wengi wetu wa ISP tuna gradua ya miaka 3. Katika mpango wa zamani, lisansi ilikuwa miaka 2 juu yake. Sasa vyuo vyetu vinafuata LMD: lisansi miaka 3, kisha masta miaka 2. Kwa kawaida masta inaomba lisansi. Kwa hiyo mwenye gradua ya zamani aulize kwa maandishi kabla ya kulipa hata franka moja: je, diploma hii inapokelewa? Je, miaka ya kazi inahesabiwa? Au kuna mwaka wa kujazia? Atunze jibu hilo pamoja na dosie.

La pili ni kuchagua mlango. Kuna masomo yanayoitwa MEMOS, yaliyoanzishwa mwaka 1995 katika jamaa ya Olimpiki kwa watu walio tayari katika mashirika ya michezo. Wanasoma huku wakifanya kazi, wanakutana kwa vipindi vifupi, na kila mmoja anaandika mradi juu ya shirika lake. Yanatolewa pia kwa Kifaransa, lakini mtu anahitaji kuungwa mkono na kamati ya Olimpiki ya nchi yake. Maana yake, anayeota mlango huo aanze kwa kutumika katika ligi ya michezo hapa hapa. Kuna pia chuo kikuu Cheikh Anta Diop cha Dakar, ambacho kimetoa diploma ya usimamizi wa michezo pamoja na CIES, kituo cha Neuchâtel kilichoanzishwa mwaka 1995 kwa ushirika na FIFA. Mlango wowote mtakaouchagua, angalieni saa. Somo la intaneti la saa 18 za Kinshasa ni saa 19 hapa Kolwezi, na la saa 18 za Dakar ni saa 20 kwetu. Ni saa ya bukari na ya kulaza watoto.

La tatu ni karatasi. Kopi ya diploma yenye muhuri, pointi za kila mwaka wa masomo, CV, barua ya kueleza sababu ya kuomba, na barua mbili za watu wanaoijua kazi yako. Sisi tulikwama kwenye pointi za mwaka wa pili, kwa sababu zilikosa muhuri. Anzeni miezi mitatu mbele, na mkiambiwa mrudi kesho, mrudi kesho.

La nne ndilo lililotugusa zaidi. Fomu iliuliza: una uzoefu gani wa usimamizi? Mwaka uliopita tuliandika: "Hakuna. Mwalimu wa shule ya msingi." Mwaka huu tulijaza mezani, taa ikiwa katikati, watu wote wa nyumba wakiona. Tulipoandika "hakuna" tena, binti yetu, yule wa bahasha, aliinuka, akaleta daftari la timu.

Humo mlikuwa majina ya wasichana 24, tarehe zao za kuzaliwa, na namba za telefoni za mama zao. Michango ya jezi, nani alilipa na nani alisamehewa. Bei ya machungwa na ya pikipiki. Barua kwa shefu wa kartie ya kuomba uwanja siku ya mashindano. Siku mchezaji mmoja alipovunjika mkono: saa, dispansari, pesa zilizotoka, na sahihi ya mzazi. Miaka sita, na hesabu haikukosa mwezi hata mmoja.

Binti akauliza: "Hii si kazi?"

Tukafuta "hakuna". Tukaandika kurasa mbili.

Tulipatana pia juu ya nyumba. Jumanne na Alhamisi jioni, baba watoto anasimamia masomo ya wadogo, na kijana wetu anasonga bukari, kwani mikono anayo. Pesa za mega na za taa ya jua zitatoka katika zamu yetu ya likelemba, si mahali pengine. Na bahasha ya minervali sasa inatunzwa na binti mwenyewe. Yeye ndiye aliyeomba hivyo, na hatukuona haki ya kumkatalia.

Dosie ilitumwa Jumatatu. Kabla ya hapo tulilipa minervali hadi mwisho wa mwaka. Jibu halijafika. Likiwa hapana, itatuuma, lakini safari hii hakuna mtoto atakayekaa mlangoni na begi mgongoni kwa ajili yetu.

Wamama, kati yenu kuna mwenye kuongoza kwaya, mwenye kutunza sanduku la likelemba, mwenye kupanga zamu za bomba la maji. Mkiulizwa, mnasema "niko nyumbani tu". Jumamosi baada ya kikao tutabaki saa mbili katika darasa letu. Kila mmoja alete daftari lake, hata lililochanika, hata lenye mafuta ya jikoni. Tutaandika CV pamoja, mmoja baada ya mwingine, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Anayetaka kusoma na asiyetaka, wote waje. Karatasi hiyo inafaa pia siku ya kwenda kuomba uwanja.

Tuonane Jumamosi.

Mwalimu wenu